TV ya jina kubwa, "Android" ya bei chee, au TV ya kawaida na king'amuzi? Ulinganisho kwa mnunuzi wa Arusha na Moshi

Ikifika Novemba, maduka ya vifaa vya umeme ya Arusha na Moshi huanza kupanga maboksi ya TV hadi barazani. Wateja wengi wa msimu huo ni watoto wa mlimani wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, wanaotaka kuwapelekea wazazi kitu cha maana Kibosho, Machame, Marangu au Rombo. Wengine ni wa hapa hapa mjini, wamehamia nyumba mpya Moshono au Kwa Mrombo na ukuta wa sebuleni bado uko mtupu. Wote huanza na swali moja: inchi ngapi kwa shilingi ngapi?

Swali hilo lina haki yake, maana pesa haiokotwi. Lakini kwa TV za siku hizi lingepaswa kuwa la pili. La kwanza ni hili: nikishalipa nikaondoka na boksi langu, nani ataendelea kuihudumia TV hii, na yeye anapata nini kwa kufanya hivyo? Jibu lake ndilo linalotenganisha aina tatu za TV zilizojaa madukani kwetu. Nimeona watu wakitoa akiba ya mwaka mzima kununua kitu ambacho mwenye kiwanda alishakisahau siku kilipopakiwa kwenye kontena, na inaniuma kwa sababu kuligundua hilo dukani ni kazi ya dakika chache.

Vioo vimekuwa ndugu

Zamani kampuni zilishindana kwenye picha. Sony ilikuwa na Trinitron yake enzi za chogo, Panasonic ikashikilia plasma, na mnunuzi aliiona tofauti kwa macho yake akiwa bado mlangoni. Ushindani ule umekwisha, na waliokuwa vinara wake wengi wameumia. Panasonic iliacha kutengeneza plasma mwishoni mwa 2013. Sharp ilichukuliwa na Foxconn ya Taiwani mwaka 2016. Biashara ya TV ya Toshiba iliingia mikononi mwa Hisense ya China mwaka 2018, kwa hiyo ukikuta jina hilo la Kijapani kwenye TV mpya leo, mwenye mali nyuma yake ni Mchina. Hata Samsung, inayoongoza mauzo ya TV duniani tangu 2006, iliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022. LG nayo ikauza kiwanda chake cha LCD cha Guangzhou kwa kundi la TCL, na mauzo yakakamilika mwaka 2025.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba vioo vya LCD vilivyomo kwenye TV nyingi tunazoziona Sokoni au Stendi Ndogo vinatoka kwenye viwanda vichache vya China, kama BOE, HKC na CSOT ya TCL, na kampuni hasimu zinanunua humo humo. Zipo tofauti za mwangaza na rangi, hilo sikatai, na TV za OLED ni habari nyingine kabisa. Ila kwa inchi 32 hadi 43, ambazo ni za kawaida sana madukani, mtu wa kawaida akizibwa majina hawezi kukwambia ipi ni ipi.

Sasa vioo vikifanana na bei zikishuka, faida inatoka wapi? Kwenye programu iliyomo ndani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Vizio ya Marekani. Ilipofika 2022, faida yake ghafi ilikuwa ikitoka zaidi kwenye matangazo na huduma za ndani ya TV kuliko kwenye kuuza TV zenyewe, na mwishoni mwa 2024 duka kubwa la Walmart likainunua kampuni nzima. LG nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba itawekeza won trilioni 1 kwa miaka mitano kwenye mfumo wake wa webOS na vipindi vinavyopita humo. Kampuni za namna hii hazimalizani na wewe siku ya kununua. Zinataka uwashe TV kila jioni kwa miaka, kwa sababu kila ukiwasha zinapata kitu.

Hilo lina uzuri wake na ubaya wake, na ndipo ulinganisho wetu unapoanzia.

TV janja ya jina kubwa

TV janja ni ile inayoingia intaneti yenyewe, yaani smart TV. Hapa ninazungumzia Samsung, LG, Sony, Hisense na TCL halisi, zenye mfumo unaojulikana. Samsung inatumia Tizen tangu 2015. LG inatumia webOS tangu 2014, mfumo ilioununua kwa HP mwaka mmoja kabla. Hisense ina VIDAA, na nyingi za Sony na TCL zina Google TV, ambayo ilizinduliwa 2020 juu ya msingi wa Android TV ya 2014.

Faida yake kubwa ni masasisho, yaani matoleo mapya ya programu ambayo kampuni hutuma kwenye TV yako. LG imeahidi kupandisha toleo la webOS kwa miaka mitano kwenye modeli zake zilizomo kwenye mpango huo, na Samsung ilitangaza mwaka 2024 masasisho ya Tizen ya hadi miaka saba kwa baadhi ya modeli zake. Angalia neno "baadhi". TV ya bei ya chini kabisa ya jina hilo hilo inaweza kuwa nje ya ahadi, kwa hiyo andika namba ya modeli, nenda kaitafute kwenye tovuti ya kampuni, halafu ndipo ulipe.

Kwa nini masasisho yawe jambo kubwa hivyo? Desemba 2019, Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za mwaka 2010 na 2011. Kioo kilikuwa kizima, sauti nzima, rimoti nzima. Teknolojia ya ulinzi wa filamu iliyokuwa ndani ndiyo iliyopitwa na wakati, na hakuna fundi aliyeweza kuirudisha. Zile zilikuwa TV za kampuni kubwa zaidi duniani, na zilipata miaka minane au tisa. Ipime hesabu hiyo dhidi ya TV ambayo haina mtu wa kuisasisha hata mara moja.

Ubaya wake ni kwamba unalipa kwa njia mbili. Fedha unatoa, na taarifa zako za unachotazama unatoa. TV nyingi za aina hii zina kipengele kinachotambua picha iliyoko kwenye kioo, hata ikiwa inatoka kwenye king'amuzi au flashi, na kupeleka habari hiyo kwa kampuni ili kuuza matangazo. Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 baada ya mamlaka za Marekani kuituhumu kwa kukusanya taarifa hizo kwenye TV milioni 11 bila ridhaa ya wenye nyumba. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kinga iliyo karibu zaidi ni kidole chako. Wakati wa kuiwasha TV mara ya kwanza inakuuliza maswali mengi, na watu hubonyeza "kubali" mfululizo ili wawahi mpira. Soma. Yanayohusu kutazamwa na matangazo yanayokulenga, yakatae. TV itafanya kazi vizuri tu.

"Android" ya bei chee

Hii ndiyo inayohitaji maneno mengi, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa kasi na ndiyo inayochanganya. Bei yake inavutia mno. Mara nyingine tofauti na ile ya jina kubwa ya inchi zile zile inatosha kununua king'amuzi na dishi lake. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni Android kabisa, kila kitu kimo, YouTube, Netflix, vyote." Na kweli ukitazama kwenye boksi, alama zote zimechapwa.

Android ni msimbo ulio wazi. Kiwanda chochote kinaweza kuuchukua bure na kuuweka kwenye TV bila kumwomba mtu ruhusa. Kinachohitaji ruhusa ni vile vinavyoifanya Android iwe na maana sebuleni: duka la Play, masasisho ya usalama ya Google, na kibali cha Netflix cha kuonyesha picha safi. Hivyo hupatikana kwa TV iliyopimwa na kuidhinishwa tu. Kiwanda kinachokwepa gharama hiyo huweka Android tupu, kikabandika picha za YouTube na Netflix juu yake, na kukupa rimoti yenye kishale kinachotembea kwenye kioo kama cha kompyuta. Ukibonyeza Netflix, inayofunguka ni ile iliyotengenezwa kwa simu, au kivinjari tu. Leo inacheza, miezi kadhaa baadaye inakuandikia kwamba toleo hili halitumiki tena. Hapo hakuna kitufe cha kusasisha kinachofanya kazi, kwa sababu upande wa pili hakuna mtu.

Kiwanda kile kilipata faida yake yote siku kilipouza kontena. Hakina tangazo la kukuonyesha wala usajili wa kukutoza, hivyo hakina sababu hata moja ya kukukumbuka. Majina nayo hubadilika; chapa uliyonunua mwaka juzi huenda mwaka huu haipo, na TV ile ile iko dukani kwa jina jipya.

Halafu kuna hatari ambayo wauzaji wengi hawaijui. Juni 2025, FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, uliojipenyeza kwenye vifaa vya bei nafuu vya Android visivyoidhinishwa, vikiwemo visanduku vya kuunganisha na TV, vingine vikiwa vimewekewa programu hasidi kabla hata havijafika kwa mnunuzi. Mwezi uliofuata Google iliwafungulia kesi waliokuwa nyuma yake na kusema vifaa vilivyoambukizwa vilizidi milioni 10. Kifaa kama hicho kikiwa sebuleni kwako kinaweza kuwaachia watu wengine wapitishe mambo yao kwenye intaneti yako, kama nyumba yenye mlango wa uani ambao funguo zake ziko kwa wageni. Dalili unayoweza kuiona wewe ni bando linaloisha ilhali hakuna aliyetazama kitu.

Sitaki nionekane ninazikataa TV zote za majina madogo, kwa sababu hapa ndipo penye biashara nzuri kuliko zote kwa anayejua kutazama. Kuanzia 2021 LG ilianza kuwauzia watengenezaji wengine mfumo wa webOS, Samsung ikafuata na Tizen mwaka 2022, na Google TV imeidhinishwa kwa chapa nyingi ambazo hukuwahi kuzisikia. Hivyo unaweza kukuta TV ya jina geni kabisa, bei ya chini, lakini ndani ina mfumo halali unaohudumiwa na kampuni yenye sababu ya kuuhudumia. Hiyo chukua. Ndiyo maana ninawaambia watu wasome jina la mfumo kabla ya kusoma jina la TV. Jina la mbele linaeleza nani aliyelikusanya lile boksi. Jina la mfumo linaeleza nani atakayekuwa nawe miaka mitatu ijayo.

TV ya kawaida na king'amuzi chake

Watu wengi huiona hii kama uchaguzi wa mnyonge. Mimi kwa nyumba nyingi za vijijini ninaipa nafasi ya kwanza.

Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, na Arusha na Moshi zikafuata 2013. Tangu hapo tumezoea king'amuzi, na TV nyingi za kawaida za sasa zina kipokezi cha dijitali ndani yake, kiasi kwamba ukiunganisha antena unaweza kupata chaneli zisizolipiwa bila kisanduku chochote, ilimradi boksi limeandikwa DVB-T2. TV iliyoandikwa DVB-T peke yake iache.

Nguvu ya mpangilio huu ni kwamba akili iko nje ya TV. King'amuzi kikizeeka unabadilisha king'amuzi, TV inabaki. Na anayekihudumia yuko wazi: ni kampuni unayoilipia kifurushi kila mwezi. Ikikuangusha, wewe humlipi, na yeye analijua hilo. Kwa mpenzi wa mpira mambo yamegawanyika hivi: Ligi Kuu ya kwetu iko Azam, iliyosaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya Sh225 bilioni, na Ligi Kuu ya England iko DStv kupitia SuperSport. DStv yenyewe ilibadilisha mwenyewe Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilipoichukua MultiChoice, kampuni inayoimiliki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza TV gani, uliza kwanza baba anashabikia nini. Mzee wa Simba au Yanga anayenunuliwa TV janja ya bei mbaya bila king'amuzi cha Azam na bila intaneti ya kutumia programu ya AzamTV Max, atakwenda kutazama mechi kwa jirani.

Huku kwetu ardhi nayo ina neno lake. Antena inataka njia iliyo wazi kati yake na mnara, na kwenye mabonde ya mlimani kilima kimoja tu kinaweza kukata chaneli zote. Dishi linavuka tatizo hilo, ila nalo linataka kuona anga. Kwenye kihamba chenye migomba, miparachichi na miti ya kivuli ya kahawa, fundi anayefunga dishi Julai akaridhika na alama za mawimbi, anaweza kuitwa tena miti ikishanawiri. Wakati wa masika, mvua kubwa ikishuka kutoka mlimani, picha ya dishi hukatika kwa muda. Hilo ni la kawaida na si ubovu wa TV. Mweleze mama mapema, asije akawaruhusu watu kufungua kisanduku bure.

Upungufu wa mpangilio huu ni kwamba unatazama kile kilichopangwa na wengine. Watoto waliozoea YouTube hawataridhika. Dawa ipo na haina haraka: TV ikiwa na tundu la HDMI, baadaye unaweza kuchomeka kisanduku au kijiti kilichoidhinishwa, kwa mfano vile vya Xiaomi vyenye Google TV. Kikipitwa na wakati unakitupa chenyewe. Kiukweli, TV nzuri ya kawaida yenye kijiti halali inaweza kuishi muda mrefu kuliko TV janja ya ovyo, na bei zake zikijumlishwa hazipishani sana.

Hesabu ya bando

TV janja bila intaneti ni TV ya kawaida uliyoilipia zaidi. Netflix yenyewe inaeleza kwamba picha ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa, na ya 4K hadi GB 7. Chukua familia inayotazama saa mbili kila jioni kwa HD: ni GB 6 kwa siku, GB 180 kwa mwezi. Kwa hotspoti ya simu, hilo ni jambo la watu wachache sana. Ukishusha ubora hadi wa kati, Netflix inasema ni chini ya GB 1 kwa saa, na kwa kioo cha inchi 32 picha hiyo inavumilika.

Kwa aliye na mkongo wa intaneti nyumbani, tuseme Njiro au katikati ya Moshi, na analipa kwa mwezi bila kikomo, hesabu inageuka kabisa na TV janja inakuwa na thamani yake. Kwa anayetegemea bando la simu, kifurushi cha king'amuzi karibu kila mara kitakuwa nafuu kwa kila saa ya kutazama. Hesabu hii ifanye kwa bei ya bando lako mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu dukani hakuna atakayekufanyia.

Ikiharibika

Ugonjwa unaozipata TV nyingi za LED, za bei zote, ni kuzimika kwa taa za nyuma. Sauti unaisikia, picha huioni. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni unaona vivuli vya watu vikitembea. Kwa fundi mzuri kazi hii inapendeza kuitazama. TV inalazwa kifudifudi juu ya blanketi, skrubu zinatoka na kupangwa kwenye kifuniko, mgongo unainuliwa. Halafu sehemu ya kutisha: kioo chenyewe, chembamba kuliko sahani, kinanyanyuliwa na vishikio vya mpira na kuwekwa pembeni pamoja na utepe wake laini wa nyaya. Chini yake kuna karatasi nyeupe za kutawanya mwanga, na chini ya karatasi ndipo penye mistari ya taa, kila taa na kikombe chake cha plastiki. Fundi anagusa moja moja kwa kipimo. Taa za mstari zimefuatana, hivyo moja ikifa inaweza kuuzima mstari wote. Anabadilisha mistari, anarudisha karatasi bila kuacha alama ya kidole, na picha inarudi.

Kwa ugonjwa huo aina zote tatu ni sawa, na TV ya jina linalojulikana ina nafuu kwa sababu mistari yake ya taa inapatikana. Tofauti inakuja kwenye bodi kuu. Kwenye TV ya kawaida bodi hiyo ni rahisi na nyingi huingiliana. Kwenye "Android" isiyo na mwenyewe, fundi atahitaji programu ya bodi ile ile hasa ili aiandike upya, na chapa ikishapotea sokoni programu hiyo haipatikani. Kwenye TV za majina makubwa bodi ni ghali, lakini inaagizika. Kioo kikipasuka, usihangaike na aina yoyote. Bei ya kioo hukaribia bei ya TV. Kwa hiyo barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu, boksi likae wima, likiwa limebanwa na mtu na si na mzigo.

Ningemchagulia nani nini

Kwa wazazi walio mlimani, wasio na intaneti ya kudumu: TV ya kawaida ya inchi 32 yenye DVB-T2, king'amuzi cha timu ya mzee, na dishi lililofungwa na mtu aliyekagua miti. Fedha inayobaki iende kwenye kifurushi cha miezi kadhaa. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwanawe kwa simu, "Baba, asante kwa TV, ila hii inataka nywila na mimi sina." Alikuwa amenunuliwa TV nzuri kuliko zote dukani.

Kwa familia ya mjini yenye mkongo na watoto wa shule, TV janja yenye mfumo halali, na hapa sijali jina la mbele likiwa kubwa au dogo. Kwa kijana anayepanga chumba Ngarenaro au Pasua na kuhama mara kwa mara, TV ya kawaida na kijiti halali. Kijiti kinaingia mfukoni, na TV akiiuza haina akaunti yake ndani. Mwenye baa au nyumba ya wageni aangalie umeme na king'amuzi kwanza, mambo ya mfumo ni ya pili kwake. Sijaona mtu ambaye ningemchagulia Android tupu isiyoidhinishwa.

Ukiwa dukani

Usikubali kuonyeshwa video ya flashi. Video ile ya maua na samaki imetengenezwa ili kila kioo kipendeze. Mwombe muuzaji awashe waifai, au tumia hotspoti yako, bando dogo tu litatosha.

Tazama ukurasa wa kwanza. Mfumo halali huandika jina lake: Google TV, webOS, Tizen, VIDAA. Ukikuta neno Android peke yake, fungua duka la Play, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya kuhusu, utafute panapoeleza kama kifaa kimeidhinishwa. Kama duka la Play halipo kabisa, jibu umeshalipata. Kisha fungua YouTube kwa rimoti. Kwenye TV ya Android, kishale cha kompyuta kikitokea, irudishe.

Nenda kwenye taarifa za TV usome kumbukumbu. Kwenye TV za Android, GB 1 ya kumbukumbu na GB 8 za kuhifadhia zitakuchosha mapema. Tafuta angalau GB 1.5 au 2 za kumbukumbu. Hesabu matundu ya HDMI. Moja halitoshi ukiwa na king'amuzi na kijiti. Chomeka antena ya duka uone chaneli zinaingia bila kisanduku.

Omba risiti ya EFD yenye namba ya modeli na namba ya utambulisho ya TV hiyo, na muuzaji aandike kwa mkono muda wa waranti na anayeibeba, duka au mwakilishi wa kampuni. Waranti ya mdomo ni maneno tu. Nunua pia kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na radi zikianza kupiga chomoa waya wa umeme pamoja na wa dishi, kwa sababu radi hupita hata kwenye waya wa dishi.

Na muuzaji akikataa kuwasha waifai kwa sababu yoyote ile, hata kama bei yake ni nzuri kuliko ya wote, mshukuru, vuka barabara, uingie duka la pili.